Ya Kuzunguka au ya Kutetema?

Mtu akiona jiwe linang'aa, swali la kwanza huwa lilelile: "Mmelipaka vanishi gani?" Hakuna vanishi. Jiwe linang'aa kwa sababu limekwaruzwa, likakwaruzwa tena kwa unga laini zaidi, kisha kwa unga laini kuliko huo, mpaka mikwaruzo yake ikawa midogo kiasi kwamba jicho haliioni. Basi. Kinachobaki ni kujua nani atafanya kazi ya kukwaruza, mkono wako au mashine. Na ukishasema mashine, linakuja swali lililotufanya sisi watu wanne tukeshe siku tatu tukibishana: ya kuzunguka, au ya kutetema?

Naliandika hapa kwa sababu mbili. Ya kwanza, wenzetu wa Jiolojia na wa Uhandisi wa Migodi wameanza kuulizia, na wengi wanauliza "ipi nzuri?", swali ambalo halina jibu. Ya pili, kwetu sisi jambo hili halikuwa la kujifurahisha. Ndani yake kulikuwa na ada ya mtu.

Tulikuwa wanne. CR wa Jiolojia, ambaye hata likizo tunamwita CR. Mhandisi, ambaye bado hajawa mhandisi ila kalamu tatu haziishi mfukoni. Mhasibu, dada wa mwaka wa tatu anayesoma Uhasibu na kuandika kila kitu kwenye kaunta buku lake, hadi bei ya chapati. Na mimi wa Ualimu, Kiswahili na Jiografia, niliyeingizwa kwa sababu bumu lilikuwa limetoka wiki hiyo na CR alikuwa anajua. Kila mtu alitoa shilingi 120,000. Jumla 480,000. Kwa watu ambao kuanzia wiki ya nane ya muhula wanakula mlo mmoja kwa siku, hiyo si hela ya mchezo.

Mawe yenyewe hayakuwa yetu, na hapa naomba tuelewane mapema. Sheria ya Madini inataka leseni kwa anayechimba na kwa anayefanya biashara ya madini. Huwezi kurudi kutoka mafunzo ya uwandani na begi la vito ukaanza kuuza getini. Sisi tulipata kazi kwa mama mmoja mjini Dodoma, dalali mwenye leseni yake, anayenunua krisopresi ya Haneti. Kama hujawahi kuiona, ni jiwe la jamii ya kwatzi, kijani kama tofaa bichi, na kijani hicho kinatokana na nikeli. Vipande vizuri vinaenda kwa wakataji. Kwake hubaki makombo: vipande vidogo, vyenye pembe, vingine vina ufa, vingine kijani chake ni utando tu juu ya mwamba mweupe. Makombo hayo yalikuwa yamejaa ndoo mbili nyuma ya duka. Alisema, "Wanangu, mkinirudishia haya yaking'aa, nitawalipa." Ndiyo tukatafuta mashine.

Sasa upande wa ada. Mhasibu alikuwa anadaiwa 170,000. Mkopo wake haukufunika ada yote, na mzazi aliyekuwa anajazia alikuwa anaumwa. Zilibaki wiki saba kufika UE. Utaratibu mnaujua: hujamaliza ada, hufanyi mtihani. Kwa hiyo tulipokuwa tunauliza mashine ipi, yeye alikuwa anauliza kitu kimoja tu: ipi italipa ndani ya wiki saba?

Ngoja nizieleze mashine zenyewe, maana ubishi wote uko humo.

Mashine ya kuzunguka ni pipa dogo lililolala ubavu juu ya vyuma viwili virefu vinavyozunguka. Ndani unaweka mawe, unga wa msasa na maji, unafunga, unawasha. Pipa likizunguka, mawe yanapanda na ukuta kisha yanateleza kurudi chini, yakisuguana na huo unga katikati yake. Aliyesoma Jiografia anakumbuka jinsi mto unavyozifanya kokoto kuwa duara kadiri zinavyosafiri. Hii ni mto uliofungiwa ndani ya pipa. Inafuata hatua nne: unga mkubwa wa namba 60/90, kisha 120/220, kisha 500, mwisho unga wa kung'arisha, mara nyingi aluminiamu oksaidi. Kila hatua ni kama wiki moja usiku na mchana, na ile ya kwanza huwa inarudiwa. Weka mwezi mmoja mpaka wiki tano.

Mashine ya kutetema ni bakuli lililokaa juu ya springi, na chini yake mota yenye uzito uliowekwa upande mmoja. Mota ikizunguka, huo uzito unalirusharusha bakuli zaidi ya mara elfu kwa dakika. Mawe hayaanguki wala hayapandi ukuta. Yanatetemeka yakiwa yamebanana, yakisuguana haraka haraka huku yakijizungusha taratibu ndani ya bakuli. Hatua zake ni za siku mbili au tatu tu. Ukisoma maelezo ya wauzaji utaambiwa siku kumi, kumi na mbili, kazi imekwisha. Na unga unaotumia ni kidogo kuliko wa mwenzake.

Mmeona tatizo lilipo. Wiki tano kwa siku kumi na mbili. Mhandisi alikuwa upande wa kutetema toka usiku wa kwanza. Hoja yake ilikuwa umeme, na alikuwa na hesabu. Mota ya wati 90 ikifanya kazi saa 24 inakula uniti 2.16 kwa siku. Kwa siku 35 ni uniti 75 na kitu. Kwa siku 12 ni uniti 26. "Hapo hata sijagusa muda," akasema, "chelewa chelewa utakuta mwana si wako." CR akamjibu kuwa mvumilivu hula mbivu. Mhandisi akasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Nikawaambia mimi ndiye wa Kiswahili hapa, na methali haziendeshi mashine. Mhasibu hakucheka. Aliuliza bei.

Ya kutetema, mpya, kutoka nje, ukijumlisha usafiri na ushuru, ilikuwa nje ya uwezo wetu kabisa. Lakini CR alikuwa amepata habari za mzee mmoja Arusha, mkataji wa vito, mwenye moja iliyotumika, anaitoa kwa 350,000. Ya kuzunguka tungeweza kuchongesha hapahapa Dodoma. Mhandisi, pamoja na kwamba hakuitaka, alikubali kuwa fundi wa kuchomelea angeitengeneza kwa 240,000.

Tukaamua mimi na Mhasibu twende Arusha tukaione kwa macho. Nauli ya watu wawili kwenda na kurudi ilitula 104,000, na wapo waliosema ni kupoteza hela. Mimi nasema ndiyo hela tuliyoitumia vizuri kuliko zote.

Arusha ni mji wa vito. Kuna wanunuzi wa tanzanaiti inayotoka Mirerani, kuna Kituo cha Jemolojia Tanzania kinachofundisha ukataji, kuna mafundi wa miaka mingi mitaani. Mzee wetu alikuwa na kibanda chenye gurudumu la kukatia, ndoo za maji kila kona, na ile mashine ikinguruma juu ya gunia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Ndiyo nyie wa kutoka Dodoma?"

Alituuliza tumekuja na nini. Mhasibu akatoa kifuko cha makombo ya krisopresi. Mzee akayamwaga kiganjani, akayageuza moja moja, akatutazama kama daktari anayetafuta namna ya kuanza. Kisha akazima mashine yake, akachota mawe ndani ya bakuli, akayaosha, akayafuta kwa kitambaa na kutupa. Yalikuwa yanang'aa kweli. Lakini yalikuwa ya mviringo safi, na alituonyesha kwa nini: aliyaumba kwanza kwa mkono kwenye gurudumu, ndipo akayatia kwenye bakuli. Halafu akatoa kopo jingine. "Haya nayo ni ya bakuli hilihili, ila niliyatia yakiwa mabichi."

Sijui niseme vipi. Yalikuwa yanang'aa, lakini ubaya wake wote ulikuwa unang'aa pamoja nayo. Kila pembe ilikuwepo. Kila shimo lilikuwepo, na ndani ya shimo mlikuwa mmebaki unga mweupe. Mzee akasema maneno ambayo Mhasibu aliyaandika pale pale: "Hii inang'arisha, hainyooshi. Inaheshimu umbo inalolikuta. Ukiipa zuri inakupa zuri, ukiipa bovu inakupa bovu linalong'aa."

Hapo ndipo ile hesabu ya siku kumi na mbili ilipoanguka. Siku kumi na mbili ni za jiwe lililokwisha kupata umbo. Kwa makombo yetu yenye pembe, ungelazimika kurudia unga mkubwa kwenye bakuli mara nyingi, na bado yasingefikia uduara wa pipa. Bakuli lenyewe lilikuwa linabeba kilo mbili tu. Na kuna jambo la pili ambalo muuzaji wa kawaida asingetuambia, lakini mzee alituambia ingawa alikuwa anataka kuuza: bakuli linataka mlinzi. Maji yake ni kidogo na yanapungua, tope likikauka mawe yanagoma kuzunguka, maji yakizidi unga unaoshwa na hausugui. Yeye huliangalia asubuhi, mchana na jioni. Pipa, ukishalifunga Jumatatu, unaweza kulisahau mpaka Jumatatu nyingine, alimradi linazunguka.

Nikafikiria ratiba zetu. Mhandisi karakana mpaka jioni, CR wiki nzima anakimbizana na wahadhiri, mimi mazoezi ya kufundisha, Mhasibu maktaba. Nani angekuwa mlinzi wa bakuli?

Lakini mzee pia hakulitupa bakuli lake, na hili ndilo wengi hawalijui. Alichambua makombo yetu akatenga vipande kama ishirini, vile ambavyo kijani chake ni utando wa milimita mbili tatu. "Haya msiyatie kwenye pipa. Pipa litakula kijani chote, mtabaki na jiwe jeupe." Kwa vipande vya namna hiyo, bakuli ndilo rafiki, kwa sababu linaondoa kidogo sana. Wenye uwezo, akasema, wana zote mbili: wiki mbili za mwanzo kwenye pipa kutafuta umbo, kisha hatua za mwisho kwenye bakuli, na kazi inakwisha kwa nusu ya muda.

Sisi hatukuwa na uwezo wa zote mbili. Nje ya kibanda, nilimuuliza Mhasibu anaonaje, kwa sababu yeye ndiye mwenye wiki saba. Alinyamaza kidogo. Akasema, "Tukichukua ya mzee, inabaki elfu ishirini na sita na hatuna hata unga. Na mawe yatatoka mabaya. Mama hatalipa. Tuchukue ya kuzunguka." Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, "Tukianza Jumatatu, wiki tano zinaishia wiki ya sita." Alikuwa ameshahesabu kwamba ana wiki moja tu ya akiba. Tulinunua unga wa hatua zote kwa 95,000 kwa rafiki wa mzee, tukapanda basi.

Mhandisi alipoletewa habari hakubisha tena. Aligeuka, akaichukua mashine ya kuzunguka kama mtoto wake. Suala kubwa, alisema, ni mwendo. Pipa likienda taratibu mno, mawe yanateleza tu bila kazi. Likienda kasi mno, mawe yanaganda ukutani kama nguo kwenye mashine ya kufulia, hakuna kinachosuguka. Waliosoma uchakataji wa madini wanaijua kanuni ya kinu cha kusagia: kasi ya kuganda, kwa mizunguko kwa dakika, ni 42.3 ugawanye kwa kipeuo cha pili cha kipenyo kwa mita. Kwa pipa la sentimita 15 inatoka kama 109. Sisi tulitaka chini ya nusu ya hapo, mawe yateleze bila kurushwa na kupasuka. Mota iliyotumika ilikuwa ya mizunguko 1,400. Puli ya sentimita 5 inaendesha puli ya sentimita 25, unabaki na 280. Chuma chenye kipenyo cha sentimita mbili na nusu, baada ya kuvishwa mpira, kinaendesha pipa la sentimita 15, unabaki na kama 47. Fundi wa kuchomelea alimwangalia Mhandisi akiandika hizo namba ukutani kwa chaki, akasema, "Kijana, wewe ulitakiwa uwe unalipwa."

Pipa ni bomba nene la plastiki lililowekwa mpira wa tyubu ya gari kwa ndani. Mpira huo si urembo. Unapunguza kelele, unazuia bomba lisiliwe na unga, na unayashika mawe yapande badala ya kuteleza. Tuliijaza theluthi mbili, kilo nne na nusu, vipande vikubwa na vidogo pamoja ili vidogo viingie kwenye mianya ya vikubwa. Maji yakafika karibu na juu ya mawe.

Kabla ya hapo CR alipima ugumu wa kila jiwe lililotia shaka. Kipimo ni kile cha Mohs, Mjerumani aliyekipanga mwaka 1812, moja mpaka kumi. Krisopresi ni sita na nusu hadi saba. Sheria ni kwamba mawe ya ugumu tofauti hayakai pipa moja, kwa sababu gumu litamla laini. Kuna hata jiwe ambalo linajila lenyewe: lile la Longido, rubi ndani ya zoisaiti ya kijani. Rubi ni tisa, zoisaiti ni sita na kitu. Ukilizungusha, kijani kinaisha na rubi inabaki imetokeza kama chunusi. Na tanzanaiti usiiguse kabisa kwa mashine yoyote kati ya hizi. Inapasuka kwa mkondo mmoja, rahisi mno.

Tulikubaliana malipo na mama kabla ya kuwasha. Yeye alitaka kulipa kwa kilo ya mawe yaliyokamilika. Mhasibu akakataa, kwa adabu. "Mama, hii mashine inakula jiwe ili ilipe umbo. Ukitulipa kwa kinachotoka, tutakuwa tunakula mshahara wetu wenyewe, au tutayatoa kabla hayajaiva. Tulipe kwa kinachoingia." Wakakubaliana 40,000 kwa kilo inayoingia, na 3,000 kwa kila kipande cha utando tutakachosugua kwa mkono. Kwenye karatasi, sahihi mbili.

Mashine iliwekwa stoo kwenye nyumba tunayopanga mimi na CR, nyuma ya chuo. Tulinunua uniti za 30,000 juu ya zile za kawaida, ili wapangaji wengine wasije kusema tunawanyonya LUKU. Ikabaki 11,000, tukaila yote, wali maharage. Usiku wa kwanza mama mwenye nyumba aligonga.

"Wanangu, hicho kitu kinasaga nini usiku kucha?"

"Mawe, mama."

"Mawe! Mna njaa kiasi hicho?"

Alitaka aone. Tulimfungulia stoo, akasimama pale kama dakika tano akisikiliza. Sauti yake ni kama mvua ya mbali juu ya bati. Akasema anaweza kulala nayo, mradi tusiongeze nyingine. Ile ya mzee, iliyokuwa inatetemesha mpaka kikombe chake cha chai, nina hakika asingeivumilia.

Wiki zikaanza kwenda, na hapa ndipo umeme ulipokuja kudai haki yake. Bwawa la Julius Nyerere limeanza kuzalisha tangu mwaka 2024, sawa, lakini nguzo ikianguka mtaani kwenu bwawa halikusaidii. Kila umeme ulipokatika, Mhasibu aliandika saa kwenye kaunta buku, na uliporudi akaandika tena. Nilikuwa namwona akitazama taa ya barabarani kupitia dirisha la maktaba. Mpaka mwisho zilifika saa 61, siku mbili na nusu. Wiki yake moja ya akiba ilikuwa inaliwa mbele ya macho yake. Pipa lenyewe halikuumia, umeme ukirudi linaendelea palepale. Ila umeme ukilala muda mrefu tope linaanza kushikana chini kama saruji, kwa hiyo CR aliamka usiku kulizungusha kwa mkono.

Mwisho wa wiki ya kwanza tulifungua. Nusu ya mawe yalikuwa bado na mashimo. Mhandisi, ambaye hakuwa na ada ya kulipa, alipendekeza tusonge mbele, muda unakwenda. Mhasibu, ambaye alikuwa nayo, alisema turudie. Tulirudia wiki nzima. Huo ndio uamuzi mgumu kuliko wa kuchagua mashine, na nauheshimu mpaka leo, maana kosa la hatua ya kwanza hakuna hatua inayolifuta. Jambo la kujua: jiwe likiwa limelowa linadanganya, linang'aa hata kama ni bovu. Likaushe kwanza, ndipo ulihukumu.

Kati ya hatua na hatua tuliosha kila kitu kama watu wanaoandaa maiti: mawe, pipa, kifuniko, kucha. Chembe moja ya unga mkubwa ikiingia kwenye hatua ya mwisho, wiki tano zimekwenda. Tope tulimwaga shimoni uani, si kwenye sinki. Litaganda ndani ya bomba na mwenye nyumba atakuhamisha. Na hatukusaga kitu kikavu hata siku moja. Vumbi la mawe ya kwatzi ndilo linalowaletea wachimbaji ugonjwa wa silikosisi, na mapafu hayana hatua ya pili.

Jioni, wakati pipa linazunguka, tulisugua vile vipande vya utando kwa msasa wa maji, 220, 400, 600, 1000, 2000, kisha kipande cha ngozi chenye unga wa kung'arishia. Kipande kimoja kinakula jioni mbili. Vilitoka 19. Mhasibu peke yake alifanya tisa, huku kitabu cha Ukaguzi wa Hesabu kimefunguliwa mbele yake.

Wiki ya saba, Jumanne, tulimpelekea mama kazi. Kilo nne na nusu zilikuwa zimebaki tatu na robo. Alipoiona mizani alishtuka, akatutazama, kisha akaikumbuka ile karatasi. Akachukua jiwe moja, akalipeleka dirishani. Hakusema kitu kwa muda. Halafu akatuhesabia 180,000 za kilo na 57,000 za vipande, jumla 237,000, na akasema ndoo ya pili inatusubiri.

Tulikuwa tumeshaelewana: Mhasibu achukue 170,000 kama mkopo kutoka kwenye kikundi. Yeye mwenyewe ndiye aliyeuandika, na tarehe, na akatulazimisha wote watatu tutie sahihi. Alilipa ada Jumatano. Alifanya mitihani yote. Deni akalimaliza kwenye mzunguko wa tatu wa pipa, hadi shilingi ya mwisho, na ukurasa wake ukapigwa mstari kwa kalamu nyekundu.

Kwa hiyo ukiniuliza ipi nzuri, nitakurudishia maswali matatu. Jiwe lako limeshapata umbo, au bado? Kama bado, pipa. Kama limekatwa, au rangi yake ni utando mwembamba ambao hutaki uliwe, bakuli. Nani atakuwa mlinzi? Kama hakuna anayeweza kuiangalia mara tatu kwa siku, pipa. Na hela yako inatakiwa lini? Hapa usidanganywe na siku zilizoandikwa kwenye boksi. Uliza siku hizo ni za jiwe la namna gani, nenda ukaone, ubebe na mawe yako mwenyewe.

Mhandisi bado anataka bakuli. Safari hii amepiga hesabu ya kuziunganisha, wiki mbili pipa na wiki moja bakuli, na nakiri hesabu yake haina shimo. Mhasibu amesema tutalinunua siku kaunta buku litakaposema ndiyo. Kwa sasa linasema hapana, bado 140,000.